Ushei

Ghorofa ya chini, jengo la zamani la kampuni ya gesi,
Huddersfield, Februari. Vioo vimepigwa chumvi ya barabarani.
Bi Oddy ameniachia masanduku manne na sentensi moja:
kila kipimo kigeuze kiwe kandela.
Kisha akapanda juu, kwenye hita.

Basi nageuza.
Hefna ya Wajerumani: mwali wa milimita arubaini,
mafuta yake yananuka ndizi iliyopitiliza.
Zidisha kwa sifuri nukta tisa.
Karseli ya Wafaransa, taa yenye mtambo wa saa tumboni,
gramu arubaini na mbili za mafuta ya mbegu kila saa.
Zidisha kwa tisa nukta saba.
Violi, hiyo ni platini iliyoyeyuka,
sentimita moja ya mraba, ikitazamwa
sekunde ileile inapoanza kuganda.
Ishirini na ushei.

Na mshumaa wa Kiingereza,
ambao sheria iliutaja kwa uzito, sita katika ratili,
umemiminwa kwa mafuta ya kichwa cha nyangumi:
mmoja ni kandela moja na ushei.
Ushei gani? Vitabu vitatu vinanipa majibu matatu.
Hutegemea utambi. Hutegemea upepo wa chini ya mlango.
Nyangumi mwenyewe hakuulizwa.

Daftari la mkaguzi. Jina lake Enoch Sugden,
mwandiko umelalia mbele kama watu wanaopanda kilima.
Kila jioni alijifungia katika chumba kilichopakwa rangi nyeusi,
gesi ya mji upande huu, mishumaa miwili upande ule,
katikati karatasi yenye doa la mafuta.
Akaisogeza, akairudisha.
Doa likipotea, mianga imelingana.
Mwenye macho haambiwi tazama,
lakini huyu alilipwa shilingi zake atazame
mpaka asione kitu.

3 Novemba 1896: mishumaa 14.6.
4 Novemba: 14.3.
5 Novemba: 14.4. Watoto wamewasha mioto mitaani, moshi mwingi.

19 Novemba: 14.2. Martha kazikwa leo saa nane.
20 Novemba: 14.2.

Nimekaa na hiyo kumi na nne nukta mbili
hadi chai imeota utando.
Ameingiaje chumba kile cheusi jioni ileile?
Aliliona doa vizuri kwa macho gani?
Naigeuza: kumi na nne na nusu, au karibu na kumi na tano,
shauri ya kitabu.
Safu ya kandela imejaa.
Safu ya maelezo, Bi Oddy alisema, iache wazi.

Mama yangu, Korogwe, hakuwa na safu.
Alishona vifungo vya sare za shule, senti kwa kifungo,
na koroboi yake aliipima kwa sindano:
uzi ukipita tunduni mara ya kwanza, mwanga unatosha;
ukipita mara ya tatu, ongeza mafuta;
usipopita, lala, kesho ipo.
Nimeitafuta sindano kwenye jedwali,
kati ya karseli na violi. Hawakuiandika.
Kwa penseli, pembeni, nimeiandika mimi.

Saa kumi na moja na nusu kiza kimeshika mji.
Tunakula chipsi tumesimama kituo cha basi,
siki inatafuta mikwaruzo ya vidole.
Karatasi imelowa. Nachana kipande chenye doa moja,
nakiinua.
Washa tochi ya simu, namwambia Bi Oddy, simama ng'ambo yangu.
Mgongoni mwangu taa ya mtaa, mkononi mwake tochi.
Doa jeupe.
Rudi nyuma. Bado. Tena.
Doa jeusi.
Njoo kidogo.
Anacheka, mvuke unamtoka mdomoni,
basi lake linafika, linafungua mlango, linaufunga.
Hapo hapo. Usitikisike.
Unaona nini? ananiuliza.
Sioni kitu, namjibu,
na mkono wangu siushushi.